Piano Iliyoitwa Cherehani

Wateja wagumu wako wa namna nyingi, na fundi Athuman Mbwana wa Nyamisangura, pale Tarime mjini, alikuwa amewaonja karibu wote. Alikuwako mwalimu Filemoni wa kwaya, aliyetaka kinanda cha kanisa kilie kama cha redioni, na kisipolia hivyo alinung'unika kwamba sadaka za waumini zimeliwa. Alikuwako padri mmoja aliyekaa nyuma ya mgongo wake kutwa nzima akihesabu skrubu, eti isije moja ikasilimu. Alikuwako bibi Agustina, mweka hazina wa kanisa jingine, aliyeuliza vile vibao vyeusi vina kazi gani, na kama havitumiki sana, si viondolewe bei ipungue? Hao wote Athuman aliwaweza. Alicheka nao, akanywa uji wao, akarudi nyumbani na debe la ule unga wa njano wa msaada, maana ulikuwa mwaka wa sabini na tano na njaa haikuchagua dini.

Aliyemshinda ni mwalimu Stefania wa Mugumu.

Mwalimu Stefania alifundisha darasa la nne, na alikuwa mke wa Ndugu Venant. Cheo cha Ndugu Venant nakiacha, maana viti vile havikai bila mtu na mimi sitaki maneno. Itoshe kusema alikuwa mkubwa, aliyeletwa kutoka mbali kuja wilaya hii changa ya Serengeti, hodari wa kuhutubia dhidi ya anasa. Mtu akiwa na redio mbili tu, yeye alimwita kupe mbele ya watu. Na nyumbani kwake, sebuleni, chini ya kitambaa cha kufuma kilichopangwa sahani juu yake, kulikuwa na piano.

Piano, jamani! Watu wa huku walivijua vinanda vya kanisani, vile vya kukanyaga: miguu inasukuma, upepo unapanda, sauti inatoka, na ndani hamna waya hata mmoja. Piano ina waya zaidi ya mia mbili, nazo hulegea, hukatika, hushika kutu. Hii ilikuwa mali ya mzungu mmoja mchimba dhahabu aliyekuwa na nyumba upande wa Kerende. Alipofunga virago, vyombo vyake viliandikwa viende shule. Viti vilifika, meza ilifika, piano ikapotelea njiani. Katika Tarime na Serengeti nzima, Athuman hakujua nyingine.

*

Jumamosi ile ya Septemba ilikuwa mara yake ya nne tangu Machi.

"Umepitia wapi?" mwalimu Stefania alimuuliza kabla hata ya salamu.

"Mlango wa nyuma, mwalimu, kama kawaida."

"Na ukiulizwa?"

"Nimekuja kutengeneza cherehani."

"Vua viatu."

Akavua. Mtu wa miaka hamsini na mbili, soksi ina tundu kidoleni, akasimama kwenye sakafu iliyopigwa deki huku akitazamwa miguu. Chai yake aliletewa kwenye kikombe cha bati kilichowekwa chini karibu na mlango, na vikombe vya kaure vikiwa vimejaa juu ya piano. Athuman alizoea. Alijiambia kila mara kwamba huyu mama ana kiburi cha kusomeshwa na masista, basi.

Alifunga madirisha, akafungua tumbo la piano, akafanya kazi mpaka adhuhuri. Alitoa waya nene kumi na moja zilizochoka, akatia nyingine alizozipata Musoma kwenye piano iliyokufa. Zile kuukuu hakuzitupa, maana waya kama ule mwaka ule haukuwepo dukani wala kwa magendo. Aliifunua shaba iliyozizunguka akaiweka kwenye kopo, akabaki na vyuma vitupu, kila kimoja na kitanzi kidogo mwishoni kama waya za piano zilivyo. Akavikunja akavitia kikapuni.

Halafu, kama alivyofundishwa na mzee aliyempa ufundi huu, akachomoa kibao cha kwanza kabisa kushoto, akaandika kwa penseli ubavuni mwake: A. Mbwana, Tarime, 13/9/75. Kilikuwa tayari na majina mengine ya mafundi waliotangulia, ya kizungu, moja la mwaka wa thelathini na sita. Mteja hayaoni majina hayo maisha yake yote. Yanaonwa na fundi mwenzio atakayekuja nyuma yako.

"Tayari, mwalimu."

Stefania alikaa, akapiga wimbo mmoja taratibu, kwa sauti ndogo ya mtu anayeogopa jirani. Alipiga mpaka katikati, akasimama. Akabonyeza kibao kimoja mara tatu.

"Hii sol inashuka."

"Iko sawa, mwalimu."

"Nakuambia inashuka. Ulivyoondoka Machi ilishuka. Juni ikashuka. Agosti ikashuka. Sasa hivi umeipandisha na tayari nasikia inateremka."

"Mwalimu, mimi kazi hii nimeifanya miaka ishirini na saba. Piano iko sawa. Ni sikio limechoka."

Yule mama alimtazama. "Ndivyo ulivyomwambia mume wangu. Kwamba sikio langu limeharibika."

"Nilitania tu."

"Yeye hakutania," alisema Stefania, akafunga mfuniko.

Sasa nitakwambia jambo ambalo Athuman hakulisema kwa mtu. Ile sol ilikuwa inashuka kweli. Machi waya wake ulikatika mikononi mwake, na kwa kuwa hakuwa na mwingine wa unene ule, wala ile piano ya Musoma haikuwa nao, aliuunga kwa fundo. Fundo la waya huteleza kidogo kidogo. Alilijua, alilisikia, na siku ya kwanza angeweza kusema tu: mwalimu, waya sina, nisamehe. Lakini aliona haya, kwa yule mama na ukali wake, na kile kikombe cha bati. Uongo wa Machi ukazaa wa Juni, wa Juni ukazaa wa Agosti.

*

Jioni ile ile, kwenye kizuizi cha daraja la Mto Mara, lori alilopanda kurudi Tarime lilisimamishwa. Askari wa wanyamapori aliyeitwa Waitara alipanda, kijana mrefu wa Kikurya mwenye adabu zake.

"Shikamoo mzee. Watoka wapi?"

"Marahaba. Mugumu."

"Kazi gani?"

"Nilikwenda kutengeneza cherehani."

Jibu lilitoka lenyewe. Miezi sita lilikuwa ulimini, likawa kama salamu.

"Fungua kikapu, mzee."

Waitara aliinua waya mmoja juu. Akakiona kitanzi. Akainua wa pili na wa tatu, zote na vitanzi, kumi na moja. Abiria walisogea kutazama. Wiki ile ile nyumbu watatu walikuwa wamekutwa wamenyongwa kwa mitego karibu na mpaka wa hifadhi, na kila mtu pale alijua mtego wa waya unafananaje.

"Cherehani inashona kwa hizi?"

"Hapana, mwanangu. Ni waya za piano."

"Piano ndiyo nini?"

"Ni kinanda. Kinanda cha waya."

"Mzee, usinifanye mtoto. Kinanda nakijua, nakaa mbele yake kila Jumapili, na siku kilipotobolewa na panya nilisaidia kukifungua mwenyewe. Hamna waya mle." Hakusema kwa ubaya. Alionekana kusikitika hasa. "Basi niambie, hicho cha waya ni cha nani, kiko wapi?"

Athuman aliwaza Ndugu Venant, na siku ile alipomshika bega akamwambia, fundi, siri ya nyumba yangu ni siri yako. Akajiambia mkubwa yule akisikia atapiga simu moja tu na mambo yataisha kimyakimya. Kusema jina lake mbele ya lori zima ndiko kungeharibu.

"Siwezi kusema," alijibu.

"Basi, teremka mzee," alisema Waitara.

*

Arafa, mkewe, alipata habari Jumatatu, kwa mdomo wa kondakta. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Alimwacha binti yao Sabaha kwa jirani, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu Filemoni.

"Niandikie barua, mwalimu. Sema ni fundi wako."

Filemoni alikuna shingo. "Barua nitaandika, mama. Fundi ni mtu mwema, Mungu shahidi. Lakini wakiniuliza kama nilimpa waya, nitasema nini? Cha kwetu ni upepo mtupu."

"Si useme vipo vya waya?"

"Nimevisikia. Sijawahi kuviona. Ukiapa mahakamani kwa jambo ulilolisikia, hapo umejiponza wewe na yeye."

Yule padri naye akamjibu hivyo hivyo, ila yeye aliongeza kwamba hata hivyo zile skrubu hazikuwahi kutimia. Arafa alimwitikia "haya, asante," akatoka nje, na alipofika barabarani ndipo akalia.

Mugumu, mahabusu, alimkuta mumewe amekaa chini bila mkanda, ndevu zimemjaa. Alimweleza yote kwa kunong'ona: piano ya Ndugu Venant, mlango wa nyuma, cherehani, jina lake ubavuni mwa kile kibao.

"Nenda kwake kwa upole, Mama Sabaha. Usimtishe. Mwambie tu niko huku. Wakinifunga ni miaka, na fundi anayetoka jela kwa ujangili nani atamfungulia mlango?"

"Na wewe miezi sita unaingia nyumba ya watu kama mwizi, hukuniambia?"

"Niliahidi."

"Uliahidi!" Arafa alimtazama kwa hasira na huruma, hajui ianze ipi.

*

Ndugu Venant alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akamuuliza habari za Tarime na za chakula. Arafa aliona kile kitambaa cha kufuma, zile sahani, na chini yake umbo la kitu kilichokuwa kirefu kuliko kabati. Mwalimu Stefania alileta chai kwenye kikombe cha bati, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mzee. Mume wangu, fundi Athuman, yuko mahabusu. Wanasema waya zake ni mitego. Nimekuja unisaidie neno lako tu."

"Fundi yupi?"

"Fundi wa piano yako, mzee."

"Piano?" Ndugu Venant alicheka kidogo. "Dada yangu, mimi mtoto wa mkulima. Piano nitaijulia wapi? Fundi ninayemjua alikuja kutengeneza cherehani ya mke wangu. Majirani wote walimwona, waulize. Kama alipotoka hapa alikwenda kutega wanyama wa taifa, hilo ni kosa kubwa, siwezi kuliingilia."

Arafa alimgeukia Stefania. "Mwalimu, wewe ni mwanamke mwenzangu. Unamjua mume wangu."

"Mume wako," alisema Stefania, "ni fundi asiyesikia."

Hapo ulimi wa Arafa ulikatika kamba. Alisimama, kile kikombe kikapinduka sakafuni.

"Sawa! Basi mahakama ije ifunue hicho kitambaa! Kibao cha kwanza kushoto, ubavuni, kuna jina la mume wangu na tarehe ya Jumamosi ile! Tutaona kama cherehani ina vibao!"

Ndugu Venant hakukasirika. Alimshukuru kwa kuja, akamsindikiza hadi nje, akamtakia safari njema. Arafa alikuwa amefika sokoni alipoelewa alichokifanya. Akakaa palepale chini, kando ya wauza viazi, akajishika mdomo kwa mikono miwili.

*

Kesi ilisikilizwa wiki iliyofuata. Waya kumi na moja zilikuwa juu ya meza. Waitara alisema alichokiona, hakuongeza wala kupunguza. Jirani wa Ndugu Venant aliapa kwamba mzee yule alikuja mara kadhaa, na kila mara alisema ni cherehani.

"Mshtakiwa," hakimu alisema, "kwanza ulisema cherehani, halafu kinanda. Na mwenye kinanda hukumtaja. Leo unamtaja?"

"Leo namtaja. Ni Ndugu Venant."

Watu waliguna. Ndugu Venant, kwenye kiti cha mbele, alisimama kwa utulivu. "Mheshimiwa, mimi sina la kuficha. Tuma mtu nyumbani kwangu sasa hivi."

Mtu akatumwa, na Arafa hakuthubutu kumtazama mumewe muda wote huo. Karani alirudi baada ya nusu saa. Sebuleni hamna kinanda, alisema, wala cha upepo wala cha waya. Pale ukutani kuna cherehani. Watu wengine wakacheka. Athuman aliinamisha kichwa, na Arafa akasikia pumzi zikimtoka mumewe kama aliyetwishwa gunia.

"Nina neno," ilisema sauti ya nyuma.

Alikuwa mwalimu Stefania, na gauni lake la shuleni, na kikapu mkononi. Ndugu Venant aligeuka. "Mama, kaa chini," alisema. Hakukaa. Alifika mbele, akala kiapo, akatoa ndani ya kikapu kitu kilichoviringishwa kwenye khanga, akakifungua mezani. Kilikuwa kipande cha mti kirefu kama mkono, mwisho wake mweupe.

"Hiki ni kibao cha piano. Kilikuwa nyumbani kwangu. Soma ubavuni."

Hakimu alikipeleka dirishani. Akasoma majina ya kizungu moja moja, kisha akasoma: "A. Mbwana, Tarime, tarehe kumi na tatu, mwezi wa tisa, sabini na tano." Akatazama hati ya mashtaka. Tarehe ilikuwa ni ile ile ya kukamatwa.

"Na piano yenyewe iko wapi?"

"Imeivisha maharage, mheshimiwa. Siku aliyokuja mama huyu, mume wangu aliingia na shoka. Nilimwomba aniache niipige mara moja tu. Akasema kwa sikio lile nitapiga nini. Tumepikia kuni zake siku tano. Hiki nilikichomoa alipokwenda kuchukua shoka." Akazigusa zile waya. "Na hizi ni zake, za sauti nene. Ukiweka kitanzi hiki kwenye msumari wake hakitoki. Si mitego. Fundi huyu hajamtega mnyama yeyote."

Aliikunja khanga yake, na watu wakadhani amemaliza.

"Lakini sol ya katikati hakuitengeneza vizuri," akasema. "Nilimwambia tangu Machi."

Watu walicheka, hakimu naye akajizuia. Athuman peke yake hakucheka.

*

Alasiri, fundi akiwa ameachiwa huru, walikuwa watatu chini ya banda la kusubiria lori, Athuman, Arafa na mwalimu Stefania. Ndugu Venant alikuwa bado kule mahakamani, akiulizwa habari za vyombo vya shule. Stefania alikuwa na kile kikapu na sanduku dogo. Lori la Musoma lingetangulia, na alikuwa analingojea hilo. Hakuna aliyemuuliza anakwenda kwa nani.

Arafa alinunua chai kwa mama mmoja pale bandani. Vikombe vyote vilikuwa vya bati. Stefania alikipokea chake kwa mikono miwili.

"Mwalimu," Athuman alianza, akakwama. Mkewe alimtazama. "Mwalimu, ile sol."

"Imekwisha, fundi. Imeungua."

"Ilikuwa inashuka."

Stefania aliweka kikombe chini.

"Waya ulinikatikia Machi, nikauunga kwa fundo. Fundo lilikuwa linateleza. Kila ulichokuwa unasikia kilikuwa kweli. Nilikisikia na mimi. Niliona haya kusema sina waya."

Mahakamani, mbele ya mumewe na watu wote, yule mama hakuwa ametoa chozi. Sasa machozi yalimtoka hovyo, hata hakuyafuta.

"Miezi sita," alisema. "Nilikuwa nafunga madirisha, nakibonyeza, nakibonyeza, najiambia nimeanza wazimu. Niliacha kuimba na watoto darasani, fundi. Niliogopa nitawafundisha makosa."

Athuman alitaka kusema nisamehe. Lori la Musoma lilipiga honi. Stefania akabeba sanduku lake, akampa Arafa mkono, akampa na yeye, akapanda nyuma pamoja na magunia. Lilipoondoka alikuwa anatazama mbele.

Lao lilichelewa. Arafa alirudisha vikombe kwa mwenyewe, akaja akakaa mbali kidogo na mumewe, na mpaka wanafika Tarime hakumsemesha.